TAHADHARI: Anayeuza miche ya "waridi la bluu" ni tapeli

Wapenda maua wenzangu, hasa wa Dar, kuna mtu anauza miche ya "waridi la bluu" Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp. Msitume hela. Mche mmoja 35,000, unalipa yote kwanza kwa simu, kisha bodaboda anakuletea. Ukimuuliza kitalu chake kiko wapi, anakujibu hana duka, analeta mlangoni tu.

Jirani yangu hapa Tabata alichukua mitatu. Ilifika imependeza kweli, kila kiriba (mfuko wa nailoni wa kuoteshea mche) na ua moja limechanua, bluu iliyokolea kama wino. Haikupita wiki majani yakanyauka, akaniita nikamwangalizie. Nilishika shina nikavuta kidogo tu, likatoka zima. Halina hata mzizi mmoja, na chini limekatwa mshazari kwa kisu kikali. Nikalipasua: ndani kuna michirizi ya bluu, na ukiangalia vizuri, kingo za majani nazo zina bluu ileile. Yaani ni waridi jeupe la kupamba ukumbi, limesimamishwa kwenye maji ya rangi likayanywa, halafu likachomekwa kwenye udongo. Alipompigia muuzaji, akaambiwa kosa ni lake, kamwagilia maji mengi. Baada ya hapo akablokiwa.

Waridi kwa asili halina rangi iitwayo delfinidini, ambayo ndiyo huyapa maua mengi ubluu. Kampuni ya Suntory ya Japani, ikishirikiana na Florigene ya Australia, ilianza kuhangaika na jambo hili 1990. Ikabidi wapandikize jeni ya ua la pansi, wakatangaza mafanikio 2004, na ua likaingia sokoni Japani 2009. Pamoja na kazi yote hiyo, lenyewe ni la zambarau iliyopauka! Huyu wa kwetu bluu ya wino kaitoa wapi?

Anauza pia pakiti za mbegu za "waridi la rangi saba". Hizo msiziguse kabisa. Waridi la mbegu halifuati rangi ya mama yake, na mbegu zenyewe kwa kawaida hutaka zikae kwenye baridi wiki kadhaa ndipo ziote. Ndiyo maana wenye vitalu hutumia vipandikizi (vipande vya tawi vya kuotesha) au kubebesha, yaani kuunganisha chipukizi la waridi kwenye shina la mche mwingine.

Mche wowote, hata wa barabarani, inua kiriba utazame matundu ya chini kama mizizi inachungulia. Mche uliokaa kitaluni udongo wake wa juu huwa umeshikana, mara nyingi una ukijani au vijimagugu. Ukiona udongo mpya, mlaini, na shina linacheza ukiligusa, mrudishie mwenyewe.

Ukurasa wa tapeli huyu hubadilishwa jina, ila picha ni zilezile: mkono wenye glovu ya njano umeshika ua. Akikutumia meseji ya kudai hela, itume kwenye namba 15040 ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa muamala, aende nao polisi.

Na kama shida yenu ni bluu tu, pandeni plumbago, kichaka cha maua. Ni samawati halisi, inadumu miaka, inapenda jua, na ukiipogoa inatoa maua zaidi. Hata kununua si lazima, omba kipandikizi kwa yeyote aliyeiotesha kwenye uzio wake.