Thairista ya rigeleta ya feni, drili na hita: ipi ununue kwanza

Joto la Mtwara likishaanza Novemba kila nyumba inataka feni, na kwenye rigeleta kinachokufa mara nyingi ni trayaki, yaani ile thairista inayopitisha umeme pande zote mbili, sasa ukifika dukani usiseme tu nipe ya miguu mitatu maana utapewa yoyote iliyopo.

Namba moja kwangu ni BTA16-600. Inabeba ampea 16 na volti 600, ila kubwa zaidi ni ile herufi A ya mwisho kwenye BTA: bati lake la mgongoni limetengwa na umeme, unalifunga kwenye hitisinki, lile bati la kupoza, bila kuweka mika, kile kipande chembamba cha kuzuia umeme. BTB16 ukiiangalia ni hiyohiyo, kumbe bati lake lina umeme, mtu akigusa hitisinki anapigwa. Mafundi wenzangu, naomba sana someni hiyo herufi kabla hamjafunga kifuniko, kuna watoto majumbani.

Namba mbili BT136-600, ampea 4. Feni ya wati 60 haifiki hata nusu ampea kwa hiyo inatosha kabisa, ila bati lake nalo lina umeme, mika lazima. Kwenye drili usiweke, drili ikikwama tu hiyo imeungua.

Namba tatu BTA41-600, ampea 40, ya hita kubwa, mfano wale wanaochemsha maji ya kufukizia korosho kabla ya kubangua. Hita ya wati 4000 inavuta ampea kama 17, trayaki yenyewe inapata moto kwelikweli, bila hitisinki kubwa haikai. Kwa feni ni kupoteza hela.

BT151 ni nzuri ila ni ya chaja za betri, inapitisha upande mmoja tu, ukiitia kwenye feni mota inanguruma na kuchemka.

Za volti 400 ziacheni hata kama bei inavutia. Umeme wetu wa 230 kilele chake ni volti 325, bado hujahesabu ile mishtuko umeme unapokatika na kurudi.

Halafu nenda na mita yako, feki zipo. Weka kwenye ohm: A1 na A2, ile miguu miwili inayopitisha umeme mkubwa, isisome kitu, geti (mguu wa kuwashia) na A1 isome ohm chache, ukigeuza waya isome vilevile. Muuza duka akikukataza kupima, nenda duka la pili.