Waya wa MIDI niliouziwa Kariakoo: nyota moja, tena kwa shida

Naandika hasira hazijaniisha, mniwie radhi. Nazungumzia ule waya wa USB kwenda MIDI, ile lugha ya vyombo vya muziki vya kielektroniki kuambiana noti ipi ipigwe, wenye kiboksi cheusi katikati na vichwa viwili vya pini tano, unaouzwa madukani kwa bei ya kuvutia. Nilitoa shilingi 20,000. Duka silitaji.

Mimi hutengeneza sintesaiza, yaani vyombo vya kuunda sauti za muziki kwa umeme, mwenyewe. Hii ya sasa inaendeshwa na Arduino, kibao kidogo cha kompyuta, na vitufe vyake nilivitoa kwenye kinanda kibovu cha watoto. Nilichotaka ni kupiga nikarekodi kwenye kompyuta, basi. Nikaambulia vituko: nabonyeza kitufe kimoja, kompyuta inaandika noti ambazo sijazipiga, au inakaa kimya kabisa, huku spika zinavuma mvumo mzito usioisha. Nikichomoa chaja ya laptopu, mvumo unakata. Nikiirudisha, nao unarudi.

Mvumo unaofuata chaja ni suala la athi, ile njia ya umeme kurudi, fundi yeyote anajua. Hata hivyo nilianzia kukagua upande wangu. Volti 5 zipo kwenye pini ya 4, rezista mbili za om 220, vipande vya kupunguza umeme, ziko mahali pake. Nikashikilia taa ndogo ya LED kati ya pini ya 4 na ya 5: kila nikibonyeza kitufe, inamemeta. Nikaazima kinanda cha jirani anayepigia kwaya, nikakiunganisha na sintesaiza kwa waya wa kawaida wa MIDI. Kikaimba kila nilichopiga, hata akordi za vidole vinne. Kwa hiyo sintesaiza ni nzima.

Nikarudi dukani na mzigo wangu wote, nimefuatana na mdogo wangu wa kiume aliyekuja kunisaidia kubeba tu. Yule muuzaji akamuuliza yeye: "Umechomeka IN kwenye IN?" Nikajibu mimi kwamba nimejaribu vichwa vyote viwili, maana waya hizi nyingine kichwa cha IN (kupokea) kinaingia OUT (tundu la kutoa) ya chombo, nyingine ni kinyume. Akamgeukia mdogo wangu tena: "Bwana mdogo, mwambie dada hicho cha kujitengenezea ndicho kinachosumbua. Waya hizi watu wanachukua kila siku, hakuna anayerudisha." Vinanda vimepangwa nyuma yake mpaka darini, na hakukubali kushusha hata kimoja tujaribu. Sintesaiza niliyoikesha nayo iko juu ya kaunta yake, na hakuitupia jicho. Pesa sikurudishiwa.

Nyumbani nikafungua kile kiboksi. Kimegandishwa kwa gundi, nikapita na kisu kwenye mshono taratibu. Ndani mna chipu, kapasita chache, na pembeni kuna mchoro mweupe wa mstatili wenye mashimo manane matupu. Hapo ndipo optokapla inapotakiwa kukaa. Wao wameruka hapo kwa rezista moja, na pini ya 2 wameilehemu moja kwa moja kwenye athi ya USB.

Kwa asiyeijua, optokapla hupitisha ishara kwa mwanga: upande huu kuna taa, upande ule kuna jicho la kuisoma, umeme wa chombo kimoja haugusani na wa kingine. Kiwango cha MIDI kinaitaka kwenye kila IN, na si jambo la jana. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, sintesaiza ya Prophet-600 ya Marekani iliunganishwa na Jupiter-6 ya Japani, mashine za kampuni mbili zinazoshindana sokoni, zikaelewana. Mpaka leo mpangilio ni uleule, biti 31,250 kwa sekunde. Wapinzani wa biashara waliweza kukubaliana, halafu leo mtu anaacha mashimo wazi ili aokoe senti, na mwingine anatuuzia huku ametukunjia uso!

Niseme haki lakini. Upande wa kutoa unafanya kazi. Nimetuma midundo kutoka kompyuta kwenda kwenye sintesaiza jioni nzima, sijaona noti iliyopotea wala iliyoganda. Kama wewe unatuma tu na hupokei, labda utaufurahia, na kwa bei ile nilikaribia kuupa nyota tatu. Kisha nikakumbuka "mwambie dada". Hapana. Waya unaouzwa kwa vichwa viwili ufanye kazi kwa vyote viwili.

Kama lazima ununue, nenda na mita yako ya kupimia umeme. Iweke kwenye mlio, unaolia njia ikiunganika, ncha moja gusa pini ya 2, ile ya katikati, ya kichwa kinachopokea, ncha nyingine gusa bati la USB. Ikilia, rudisha waya kaunta uondoke. Muuzaji akikukataza kupima, ondoka vilevile.

Mimi nimenunua optokapla, 6N138, kwa muuza vipuri mtaa wa pili. Huyo aliiangalia sintesaiza, akaniomba nimpigie kidogo, akanionyesha mguu upi usiuchanganye na upi. Nimeilehemu kwenye yale mashimo, nikaondoa ile rezista na kukata njia ya athi kwenye pini ya 2. Mvumo umekwisha, noti zinaingia zote. Waya sasa ni mzuri sana, na nyota inabaki moja, kwa sababu uzuri huo nimeutia mimi.