"Hinder" au "impede"?

Vitenzi vya Kiingereza "hinder" na "impede" hutaja kuzuia au kuchelewesha jambo, lakini havibadilishani nafasi kila mara. "Hinder" ni cha Kiingereza cha Kale, kina undugu na "behind", na hubeba wazo la kurudisha nyuma. "Impede" kimetoka katika Kilatini, ambamo "pes" ni mguu, na maana yake ya awali ilikuwa kufunga miguu. Ndiyo maana mizigo ya jeshi la Kirumi, iliyopunguza kasi ya safari zake, iliitwa "impedimenta". Asili hiyo bado huonekana, kwani "impede" huelekea zaidi mwendo na michakato, kama vile mtiririko wa damu, upitaji wa magari au uchunguzi wa polisi, na hupendwa katika maandishi rasmi. "Hinder" ni kipana zaidi, na huweza kufuatwa na "from" pale mtu anapozuiwa kutenda jambo, muundo ambao "impede" hakiupokei kwa urahisi. Kwa maoni yangu, mwandishi anayesitasita achague "hinder", isipokuwa anapotaja kasoro za usemi, ambazo Kiingereza kimezoea kuziita "speech impediment".