Antivirasi ya kompyuta ya nyumbani: ipi uchukue ukiwa Unguja au Pemba

Shangazi yangu anasomesha skuli moja ya msingi karibu na Wete. Mwaka jana alipeleka flashi steshenari kuchapisha mtihani. Aliporudi nyumbani na kuichomeka kwenye laptopu, akakuta kila folda imegeuka kialama chenye mshale mdogo pembeni. Alinipigia simu sauti inamtetemeka.

"Mwanangu, maandalio yangu yote yamekwenda. Miaka minane."

"Shangazi, usifute kitu, wala usimpe mtu aifomati. Vitu vyako vimo humo humo."

Na vilikuwemo. Kirusi cha aina hii hakifuti mafaili. Huyaficha, kisha huweka vialama vyenye majina yale yale, ili ukibofya kimojawapo uwe umekiendesha wewe mwenyewe kwa mkono wako. Dawa yake ni kuisafisha flashi kwanza kwa antivirasi, halafu kufungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt) na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na kubofya Enter. Hiyo E ibadilishe kwa herufi ambayo kompyuta yako imeipa flashi. Mafolda yatajitokeza tena. Watu wengi hufomati kwa hofu, na hapo ndipo kazi inapopotea kweli.

Nimeanza na flashi kwa sababu miongozo mingi ya antivirasi imeandikwa kwa mtu ambaye kompyuta yake iko mtandaoni kutwa kucha. Kwetu laptopu nyingi zinaishi kwa bando la simu: unawasha hotspoti nusu saa, unatuma kazi, unazima. Virusi vinaingia kwa flashi za steshenari na kwa programu za kukraki, yaani zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila kulipiwa, na antivirasi yenyewe inakaa siku kadhaa bila masasisho. Kwa hiyo nimezipanga kwa kuangalia maisha hayo.

Kabla ya kununua chochote

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua diski ya nje. Kuna virusi vinavyofunga mafaili yako kwa msimbo na kukudai fedha ili vikufungulie. WannaCry ya Mei 2017 ilikuwa ya aina hiyo. Antivirasi ikishindwa siku hiyo, kitakachokuokoa ni nakala iliyo nje ya kompyuta. Na iwe nje kweli: nakili, chomoa, weka kabatini. Diski inayobaki imechomekwa hufungwa pamoja na vingine vyote.

La pili, kagua Windows yako imepigwa vipi. Ukimpa fundi laptopu akupigie Windows upya na akatumia kiamshaji cha kukraki (programu ya kuifanya Windows ikubali bila leseni), mara nyingi hulazimika kuizima kwanza Defender, antivirasi inayokuja na Windows yenyewe, au kuiambia isiangalie folda fulani. Kazi ikiisha ule ufa hubaki. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi, bofya Manage settings, shuka hadi palipoandikwa Exclusions. Ukikuta humo folda usiyoijua, au diski C nzima, iondoe. Nimewahi kuikuta C nzima kwenye mashine ya mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akilalamika kuwa antivirasi haifanyi kazi. Ilikuwa inafanya kazi, ila ilikuwa imeamriwa ifumbe macho.

1. Microsoft Defender

Imo ndani ya Windows 10 na 11, haina malipo, na kwa familia nyingi inatosha. Maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hutoa pointi 18 kwa jumla (kinga 6, wepesi 6, urahisi wa kutumia 6), na kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata zote au kukaribia. Ukishaweka antivirasi nyingine, Defender hujizima yenyewe na kumwachia mgeni zamu. Hakuna haja ya kuzirundika mbili.

Lakini ina udhaifu mmoja unaotugusa sana. Defender hutegemea mno kuuliza kwenye mtandao pale inapokutana na faili geni. Maabara nyingine, AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima utambuzi mara mbili, mashine ikiwa na intaneti na ikiwa haina, na Defender huporomoka waziwazi inapokuwa haina. Sasa fikiria flashi inaingia kwenye laptopu ambayo hotspoti imezimwa: huo ndio wakati wake dhaifu. Kwa hiyo washa hotspoti kabla ya kuchomeka flashi ya mtu, kisha bofya flashi kwa kitufe cha kulia na uiskani kabla ya kuifungua.

Jambo jingine: wengi wetu, ili kuokoa bando, tumeiambia Windows kwamba hotspoti ni mtandao wa kupimwa (metered connection), ili isivute vitu vikubwa ovyo. Hapo masasisho ya Defender yanaweza kuahirishwa bila wewe kujua. Jizoeshe kuingia Windows Security na kuyavuta kwa mkono, angalau mara mbili kwa wiki. Ukiwa humo humo, washa kinga iitwayo Controlled folder access, ambayo kwa kawaida huja imezimwa. Inazuia programu isiyojulikana kugusa mafolda ya hati na picha zako. Mwanzoni itakusumbua kwa kuzuia hata programu halali. Iruhusu ile unayoijua na uendelee.

Kumbuka pia Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imeahidi kuendelea kuilisha Defender ya Windows 10 taarifa za virusi hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe ni jambo jingine, wala antivirasi haizibi yote. Kama mashine yako inakubali Windows 11, hamia. Na kama bado uko kwenye Windows 7, Defender ya huko siyo hii ninayoisifia. Ile ilikuwa ya kukamata programu za kipelelezi tu.

2. Bitdefender

Hii ndiyo ningemnunulia mtu ambaye laptopu yake hukaa siku nzima bila mtandao na hupokea flashi za watu. Inatoka Bucharest, Romania, na katika vipimo vile vya Innsbruck uwezo wake hushuka kidogo sana mtandao unapokatika. Ina toleo la bure lenye kinga ya msingi, linataka tu ufungue akaunti kwa barua pepe. Anza na hilo. Toleo la kulipia lina kinga zaidi dhidi ya utekaji wa mafaili, lakini angalia bei: ya mwaka wa kwanza huwa ya kuvutia, na ya kuhuisha mwaka wa pili hupanda sana. Ukilipa kwa kadi, ondoa ruhusa ya kujihuisha mapema.

Kasoro yake ni uzito. Kwenye mashine yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 huisikii. Kwenye GB 4 yenye diski ya zamani inayozunguka, utaisikia kila asubuhi.

3. ESET NOD32

Kwa mashine nzee, hii. Wanaitengeneza Bratislava, Slovakia, na jina la NOD limekuwepo tangu 1987. Ni nyepesi, na masasisho yake ya kila siku ni madogo, kwa hiyo haili bando. Haina toleo la bure la kudumu, ila kuna siku 30 za kujaribu, na siku hizo zinatosha kujua kama laptopu yako imeipenda. Mwenye laptopu ya mtumba asiyetaka kutupa mashine inayofanya kazi asiogope kulipia hii.

4. Kaspersky

Kwa uwezo wa kukamata virusi, ingestahili kukaa juu zaidi. Nimeishusha kwa sababu nyingine. Ni kampuni ya Moscow, na Juni 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kupiga marufuku kuiuza nchini humo, kwa hoja ya usalama wa taifa. Masasisho kwa wateja wa huko yakakatwa mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Kampuni inakanusha tuhuma, na Tanzania marufuku hayo hayapo. Mtu wa nyumbani Michenzani mwenye picha za harusi na kazi za skuli hana la kuogopa sana hapo. Ila kama unafanya kazi kwa mbali na kampuni ya Marekani, iache.

Ukiinunua kwa boksi, soma maandishi kabla ya kulipa. Namba za kuamshia Kaspersky hufungwa kwa eneo, na boksi lililokusudiwa soko la nchi nyingine linaweza kukataa kuamka hapa. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kuamsha na idadi ya kompyuta. Iwe Darajani, Mlandege au Chake Chake, mwambie muuzaji aiamshe mbele yako. Muuzaji mwenye mali halali hatakataa.

5. Avast na AVG

Ni za bure, maarufu, na zinakamata virusi vizuri. Zote mbili ni za mwenye mmoja. Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Mimi siziweki kwenye mashine ya mtu wangu, na sababu ninayo. Antivirasi huona kila ukurasa unaoufungua. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo wateja walikuwa wakitembelea, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot iliyofungwa mwaka 2020. Biashara hiyo imekoma, lakini uliyemwajiri akulindie mlango akauza habari za nyumba yako, imani hairudi haraka. Juu ya hayo, toleo la bure halichoki kukutolea matangazo ya kununua lile kubwa.

Nje ya orodha

Malwarebytes ya bure si mlinzi wa kudumu. Ni ya kuskania pale unapohisi kitu kimepita. Inakaa vizuri pamoja na Defender, na mimi huwa nayo kila ninapoitwa kusafisha mashine ya mtu.

Antivirasi ya kukraki usiiweke hata ukipewa na ndugu yako wa damu. Unaipa programu mamlaka yote juu ya kompyuta, na mtu usiyemjua ameshaifungua na kuishona upya. Na ule ukurasa unaopiga kelele kuwa kompyuta yako ina virusi vitano, piga namba hii: si antivirasi, ni tangazo la matapeli. Funga kivinjari, kisha ingia kwenye mipangilio yake uifute ruhusa ya kukutumia arifa uliyoipa tovuti hiyo.

Laptopu ya shangazi ina RAM ya GB 4 na mtandao wake ni hotspoti ya simu. Nilimwekea Bitdefender, akaivumilia wiki mbili huku akiniambia kwa upole kuwa Word inachukua muda kufunguka. Tukaitoa, tukaweka ESET, na diski ya nje ninamnakilia mwenyewe kila nikivuka kwenda Pemba. Mtihani wa muhula huu aliugeuza PDF akautuma steshenari kwa WhatsApp. Flashi ilibaki kwenye mtoto wa meza.