Kuhamisha njia kutoka kompyuta hadi GPS ya pikipiki: uzoefu wangu wa kuzunguka Kilimanjaro

GPS niliyoifunga kwenye usukani wa pikipiki yangu hapa Moshi haipitishi maji, skrini yake hukubali kuguswa kwa mkono uliovaa glavu, na husomeka hata jua la mchana linapoipiga moja kwa moja. Kwa umbo na uimara sina malalamiko. Hata hivyo, niliinunua ili nipange safari nyumbani kwenye kompyuta, penye skrini pana, kisha niihamishie humo na kuifuata barabarani kama nilivyoichora. Tathmini hii inahusu kazi hiyo peke yake, na njia niliyoipimia ni ile inayouzunguka mlima: kutoka Moshi kwenda Himo, kupanda Marangu, kupita Mkuu hadi Tarakea, kuzungukia upande wa Rongai na Kamwanga, kuteremkia Sanya Juu na Boma Ng'ombe, na kurudi Moshi.

Kuhamisha faili ni kazi nyepesi. Programu ya kupangia safari hutoa faili la GPX, ambalo karibu kila kifaa cha GPS hulisoma, awe nani aliyekitengeneza. Unaunganisha kifaa kwa waya wa USB, unafungua folda yake iliyoandikwa GPX, unabandika faili humo na kuchomoa waya. Kompyuta ya Windows hukiona kifaa mara moja. Kompyuta ya Mac, kwa kuwa haisomi yenyewe vifaa vinavyotumia MTP, yaani mfumo wa kuhamishia mafaili, kama hiki changu, huhitaji kuwekewa programu ya ziada, na jambo hilo lilistahili kuandikwa kwenye boksi. Waya nao uwe wa kupitisha data, kwani baadhi ya nyaya za kuchajia simu zinazouzwa madukani hupitisha umeme tu, na kifaa kitaendelea kuchaji vizuri huku kompyuta haioni chochote. Baada ya hapo faili bado halijawa safari. Ni lazima ufungue sehemu ya safari kwenye kifaa chenyewe na kuliingiza, ndipo njia itokee kwenye orodha.

Ugumu wote uko kwenye huko kuingiza. Ndani ya faili la GPX, njia inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ruti, ambayo kimsingi ni orodha ya vituo vilivyopangwa kwa zamu, na kifaa ndicho kinachokokotoa barabara za kuviunganisha. Ya pili ni mstari, yaani nukta nyingi zilizofuatana kwa karibu, ambao kifaa huuchora juu ya ramani jinsi ulivyo, bila kuuhoji. Unapoingiza ruti, kifaa hukokotoa upya kwa ramani yake na kwa mipangilio yake, hata kama kompyuta ilikwisha kuifanya kazi hiyo. Chukulia mzunguko wangu ukiwa na vituo vya Marangu, Tarakea na Sanya Juu tu. Kutoka Tarakea, kifaa kilichoagizwa kutafuta njia ya haraka, au kukwepa barabara zisizo na lami, hakina sababu yoyote ya kupita kaskazini mwa mlima. Kitakurudisha Marangu, Himo na Moshi, kikupeleke kwa lami hadi Boma Ng'ombe, na kwa hesabu zake kitakuwa sahihi kabisa. Duara ulilolichora kwenye kompyuta linakuwa safari ya kwenda na kurudi.

Kwa hiyo, kabla ya kuingiza chochote, mimi huzima agizo la kukwepa barabara za vumbi, kisha huongeza pointi pale ambapo kifaa kingeshawishika kugeuka, hususan Rongai na Kamwanga. Pointi hizo ni za aina mbili: kuna kituo kinachotangazwa, ambacho usipokifikia kifaa kitakung'ang'aniza urudi, na kuna pointi ya kupinda njia tu, ambayo hupitwa kimyakimya. Hizi za pili ndizo zinazofaa kwa sehemu kubwa ya safari. Zote ziwekwe katikati ya barabara, na ramani ivutwe karibu kabisa wakati wa kuziweka, kwa sababu nukta iliyoangukia pembeni kidogo huko wilayani Rombo, upande wa Mkuu na Tarakea, itakuingiza kwenye kihamba cha mtu, katikati ya migomba, huku sauti ikikutangazia kwa utulivu kwamba umefika. Inasaidia sana pia kutumia ramani moja pande zote mbili. Mimi nimeweka ramani iliyotengenezwa kutokana na data za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, kwenye kompyuta na kwenye kifaa, na tofauti kati ya nilichokichora na ninachokiona barabarani imepungua mno.

Bado nahamisha faili lenye vyote viwili, ruti na mstari. Ruti hunipa maelekezo ya kona kwa sauti. Mstari, nilioupa rangi nyingine, hubaki chini yake kama ushahidi. Rangi hizo mbili zikiachana, najua kifaa kimeamua mambo yake. Aidha, nimeweka kukokotoa upya kuwe kwa kuulizwa kwanza, kwa kuwa nikichepuka kutafuta mafuta Tarakea sihitaji safari nzima ipangwe upya nikiwa kwenye pampu.

Wapo watakaouliza kwa nini nisitumie simu. Karibu na mpaka simu huweza kudaka mtandao wa Kenya, mvua ya Marangu huichezea skrini, na kampuni ya Apple yenyewe ilitahadharisha mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Kwa anayeishia lami ya Arusha na Moshi, hata hivyo, simu inamtosha.

Nakipa kifaa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki nimeikata kwa ajili ya kitabu cha maelekezo, kinachoeleza kwa michoro namna ya kuchomeka waya lakini hakisemi popote kwamba njia uliyoihamisha itakokotolewa upya.