Risasi za .22 za kulenga mbali: zipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Ukiingia duka la silaha ukataja .22, yaani ile risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi, muuzaji atakuuliza unataka boksi ngapi. Mara chache atakuuliza ni za kazi gani. Kwa anayepiga makopo mita 25, haidhuru. Lakini kama nia yako ni bamba la chuma la sentimita 20 lililosimamishwa mita 200, aina ya risasi ndiyo itakayoamua, na nimeona watu wakibadilisha bunduki nzuri kabisa kumbe tatizo lilikuwa kwenye boksi.

Sababu iko kwenye muundo wake. Risasi ya .22 haina kiwashio katikati ya kitako kama risasi kubwa. Dawa ya kuwasha imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo. Ganda likishapigwa ndiyo basi, halijazwi tena. Wenye bunduki kubwa katika nchi nyingine hupima baruti wenyewe na kutengeneza risasi zinazolingana, wewe wa .22 umebaki na ulinganifu uliotoka kiwandani, basi.

Na ulinganifu huo ni kila kitu. Risasi ya kawaida ya greni 40, yaani gramu 2.6, hutoka mtutuni kwa mita 326 hivi kwa sekunde. Ukiseti darubini yako kwa mita 50, kufika mita 200 risasi imeshashuka zaidi ya mita moja. Sasa chukua mbili zilizotofautiana kasi kwa mita 10 tu kwa sekunde: kule mita 200 moja itapita sentimita 10 hivi juu ya mwenzake. Nusu ya bamba lako imekwenda, na upepo haujavuma bado.

Kuna pia suala la kasi ya sauti. Risasi inayoanza juu ya kasi ya sauti kisha ikapungua hadi chini yake ikiwa njiani huyumba inapovuka, na matundu kwenye karatasi hutawanyika. Inayoanza chini haipati msukosuko huo. Kwa sisi wa huku kaskazini hili si jambo la vitabuni: kasi ya sauti hufuata joto la hewa, wala haijali mwinuko. Asubuhi ya Julai Arusha, nyuzi 15, sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Mchana wa Februari Moshi, nyuzi 32, ni kama 350. Risasi ya mita 345 itakuwa chini ya sauti Moshi na juu ya sauti Arusha. Ya 326 haina shida kokote.

Kwa hiyo napanga hivi.

Ya kwanza: SK Standard Plus. Inatengenezwa Schönebeck, Ujerumani, greni 40, kasi karibu mita 327. Naiweka mbele ya zile ghali kwa makusudi. Kulenga mbali kwa .22 ni kujifunza upepo, na upepo haujifunzwi kwa boksi moja unaloliogopa kulimaliza. Tambarare za Kisongo kuelekea Monduli upepo wa mchana hubadilika huku umeshavuta pumzi, na vumbi linalozunguka mbele yako linaweza kwenda kulia wakati nyasi karibu na bamba zimelala kushoto. Unahitaji risasi unayoiamini, ili ukikosa ujue ni upepo au mkono wako. Hii inatosha kwa kazi hiyo.

Ya pili: Lapua Center-X na Eley Tenex. Ni bora kuliko SK, sibishi. Tenex hasa ni risasi ya mashindano makubwa. Ila bei yake ni zaidi ya maradufu, na tofauti utaiona tu kama bunduki yako ina mtutu wa shabaha, mfano Anschütz au CZ 457 ya mtutu mzito. Nunua boksi chache kwa siku ya mashindano.

Ya tatu: CCI Standard Velocity. Ya Marekani, greni 40, mita 326. Hadi mita 100 itakufurahisha. Mbele ya hapo utaona moja moja ikichomoka juu au chini bila sababu. Kwa mwanafunzi anayeanza, ichukue.

Ya nne: CCI Mini-Mag na nyingine za mita 376 hivi. Ina kasi, inalisha vizuri bunduki zinazojipakia zenyewe kama Ruger 10/22, lakini inavuka kasi ya sauti kabla haijafika mita 100. Muuzaji akikwambia, "Kaka, hizi ndizo zenye nguvu," anasema kweli, ila shabaha haihitaji nguvu.

Ya mwisho: CCI Stinger. Greni 32, mita 500 kwa sekunde. Nyepesi, na upepo unaichezea. Tena ganda lake ni refu kuliko la kawaida, na mitutu ya shabaha yenye chemba (pale risasi inapokaa) ya kubana haifai kupigwa risasi hii. Iache.

Usipoyakuta majina haya, soma boksi: tafuta greni 40 na kasi kati ya mita 318 na 330. Boksi nyingi huandika futi, kwa hiyo tafuta 1,040 hadi 1,080. Na hakikisha imeandikwa .22 LR (Long Rifle), ndiyo ninayoizungumzia hapa; .22 WMR (Magnum) ni nene zaidi, haiingii kwenye bunduki yako.

Risasi zinauzwa kwa mwenye leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015, kwa hiyo nenda na leseni yako. Na tafadhali, udogo usikudanganye: risasi hii huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Piga mahali palipoidhinishwa, penye kilima au tuta nyuma ya shabaha.

Kabla ya kununua nyingi, chukua boksi moja la kila aina. Geuza boksi utazame namba ya toleo iliyopigwa chapa, uiandike. Kila ukibadilisha aina, piga 20 za kwanza bila kuzihesabu, maana nta iliyo kwenye risasi hupaka mtutu na kila kiwanda kina nta yake. Kisha piga makundi matatu ya risasi kumi kumi, mita 100, asubuhi kabla upepo haujaamka. Usiache boksi ndani ya gari juani. Nta hulainika na baruti iliyopata joto huongeza kasi. Tazama zaidi urefu wa kundi kutoka juu kwenda chini kuliko upana wake, kwani upana ni wa upepo na urefu ni wa risasi. Ukipata toleo ambalo mtutu wako unalipenda, rudi dukani siku hiyo hiyo uchukue boksi za namba ileile kadiri leseni inavyoruhusu, kwa sababu mzigo unaofuata utakuja na namba nyingine na kazi ya kupima itaanza upya.