Mashine pepe: ni wapi inafaa kulipia?

Tangu Novemba 2024 VMware Workstation Pro ni bure hata kwa kazi za ofisi, kwa hiyo mwenye Windows au Linux hana sababu ya kununua programu ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako. Achague tu kati yake na VirtualBox ya Oracle.

VirtualBox unaipakua papo hapo. Workstation inakudai akaunti kwenye tovuti ya Broadcom, mmiliki wa VMware, na ukurasa wa kupakua umejificha utadhani hawataki uuone. Uvumilivu huo unalipa kama unahitaji michoro ya 3D, maana hapo VirtualBox inachechemea. Kwenye Linux, kerneli (kiini cha mfumo) ikisasishwa, moduli za vmmon na vmnet, vipande vya Workstation vinavyokaa kwenye kerneli, mara nyingine hugoma.

Ubure wa VirtualBox nao una mpaka. Programu yenyewe ni ya GPL (leseni huria), lakini Extension Pack, kifurushi chake cha nyongeza, ni bure kwa matumizi binafsi na masomo tu; kampuni inatakiwa kununua leseni. Wengi huiweka kwa mazoea, kwa ajili ya USB, ilhali tangu toleo la 7.0 USB 2 na 3 zimo ndani ya programu ya msingi. Iache.

Mashine ikijikokota, tazama chini kulia kwenye dirisha la VirtualBox. Ukiona kobe wa kijani, Hyper-V ya Windows (mfumo wake wa mashine pepe) imeishika prosesa kwanza. Zima Memory Integrity, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, kisha washa kompyuta upya. WSL 2 (Linux ndani ya Windows) itakufa. Kuirudisha, weka `auto` badala ya `off`. Memory Integrity ni kinga ya Windows, kwa hiyo usiiache imezimwa bila sababu.

Windows 11 inataka RAM GB 4, diski GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Workstation haiweki TPM bila kuisimba mashine kwa nywila. Ukiisahau nywila hiyo, mashine imekwenda.

Kwenye Mac za chipu ya M ndipo Parallels Desktop inapostahili pesa: inapakua na kusakinisha Windows 11 ya ARM (aina ya prosesa ya Mac hizo) yenyewe, na inaiendesha vizuri. Toleo la Standard linaishia RAM GB 8 na kori 4 za prosesa kwa kila mashine. Jaribu kwanza VMware Fusion, ambayo ni bure. UTM pia ni bure kwenye tovuti yake, ingawa App Store inaiuza. Inatosha kwa Linux, lakini Windows ndani yake haipati kasi ya 3D. Leseni ya Windows unainunua mwenyewe, hata ukilipia Parallels.